Ng'ombe ana maranda, mama mjamzito analala wapi?

Leo naomba uniwie radhi, sitazungumzia kupe wala majani ya malisho. Nataka tuzungumze kuhusu mama mjamzito na kitanda chake, na najua wapo watakaosema afisa mifugo ameingia shamba la mkunga. Sawa. Nisome kwanza, halafu unigombeze.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mfugaji mmoja hapa Chumbageni, ana ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba. Mmoja ana mimba ya miezi saba na tulikuwa tunapanga siku ya kumkausha. Kila mfugaji niliyemfundisha analijua hili: siku 60 kabla ya kuzaa ng'ombe hakamuliwi. Anapumzika, kiwele kinajijenga upya, ndama anapata sehemu yake. Yule bwana alinionyesha banda kwa fahari, na kweli lilistahili. Mahali pa kulala kuna maranda makavu anayoyabadilisha mwenyewe, na sakafu ina mteremko ili mkojo usituame. Nikamsifu sana.

Tulipomaliza, mkewe akaniletea maji ya kunywa. Naye ana miezi saba, sawasawa na ng'ombe. Macho mekundu, uso umechoka. Nikamuuliza, "Vipi mama, usingizi unaupata?" Akacheka kidogo. "Dada, usingizi gani? Wameniambia kushoto tu. Ubavu umekufa ganzi, lakini nikigeuka naogopa nitamuua mtoto."

Nikaomba kuona chumba. Kitanda cha futi nne kwa sita, wanalala watatu: baba, mama, na mtoto wa miaka mitatu katikati. Godoro la sponji limebonyea kama sahani. Hata angetaka kulala ubavu, lile shimo linamrudisha chali kila akipitiwa na usingizi. Nyuma ya ukuta ule ule, ng'ombe amelala kwenye maranda.

Maoni yangu ni haya: tumewapa wanawake amri ya kulala kushoto, hatukuwapa kitanda, mto wala nafasi, halafu juu yake tukaongeza hofu.

Tuanze na hiyo amri, inatoka wapi. Mimba ikishakuwa kubwa, mama akilala chali uzito wa mji wa mimba, mtoto na maji yake vyote vinaelemea nyuma. Kando ya uti wa mgongo, upande wa kulia kidogo, unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu na tumbo kwenye moyo. Ukibanwa, damu inayofika moyoni inapungua, na ya kumfikia mtoto nayo inapungua. Ndiyo maana wengine wakilala chali wanasikia kizunguzungu, kijasho chembamba na moyo kwenda mbio. Mwili unasema geuka. Kwa kuwa mshipa uko kulia, watu wakashauri kushoto. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, uliipa nguvu hoja hiyo na habari ikasambaa. Mwaka 2013 utafiti mdogo wa Ghana, katika hospitali ya Korle Bu jijini Accra, nao ulikuta kulala chali kunaambatana na watoto wenye uzito mdogo na wanaozaliwa wafu. Kwa hiyo si hadithi za wazungu na vitanda vyao.

Lakini elimu haikuishia hapo. Mwaka 2019 watafiti walikusanya pamoja takwimu za New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani. Wakakuta kwamba kuanzia wiki ya 28, mama anayeanza usingizi wake akiwa chali ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kujifungua mtoto mfu kuliko anayeanza kwa ubavu. Na wakakuta jambo ambalo huku kwetu bado halijafika vizuri: kati ya ubavu wa kulia na wa kushoto hapakuwa na tofauti. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba mkao wa kulala hadi wiki ya 30 haukuhusiana na madhara hayo.

Usisome "mara mbili" ukashtuka. Wengi waliolala chali wamejifungua salama, na pengine mama yako ni mmoja wao. Ila kugeuka hakuna gharama, ndiyo maana nasisitiza.

Basi dada, miezi ya mwanzo lala unavyopata usingizi, hata kifudifudi mpaka tumbo lenyewe likatae. Kuanzia miezi saba hivi, anza usingizi kwa ubavu, wowote utakaokupa raha, na badilisha ukichoka. Hilo ni kwa usiku, kwa usingizi wa mchana barazani, na kila unaporudi kitandani baada ya kwenda msalani. Ukishtuka usiku umelala chali, geuka uendelee kulala. Hujaua mtu. Kama kiungulia kinakusumbua, hapo kweli kushoto kunasaidia, na inua kichwa kwa mto wa ziada. Kama mkunga wako amekupa maelekezo maalumu kwa sababu ya hali yako, fuata yake, siyo yangu.

Kuna hili lingine la bibi zetu: mjamzito asigeuke akiwa amelala, aketi kwanza kisha ajilaze upande wa pili, la sivyo kitovu kitamzonga mtoto shingoni. Shikamoo zao wote, lakini kitovu kinazunguka kwa sababu mtoto mwenyewe anacheza na kujipindua humo ndani. Watoto wengi tu huzaliwa nacho shingoni, mkunga anakitoa, mtoto analia, maisha yanaendelea. Yule mama wa Chumbageni alikuwa anaketi na kulala upya mara sita, saba kwa usiku. Nani atapata usingizi hapo? Geuka polepole, magoti yakiwa yamekunjwa pamoja. Mahali bibi wana haki ni kwenye kuamka: usinyanyuke moja kwa moja ukiwa chali. Geukia ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mikono. Mgongo na nyonga zitakushukuru.

Sasa kitanda, na hapa ndipo nataka baba mwenye nyumba asome. Godoro likibonyea katikati, lipindue na uligeuze kichwa kuwa miguuni. Likiwa limekufa pande zote, tandika mkeka mnene au blanketi lililokunjwa kwenye lile shimo, juu yake shuka. Kama mnalalia kitanda cha kamba, angalia kamba. Ikilegea kitanda kinakuwa bembea, na kwenye bembea hakuna ubavu, mtu anaviringika tu katikati. Kiwambwe upya. Huu ni mkoa wa mkonge jamani, tutakosaje kamba?

Mto mrefu wa wajawazito wanaouza madukani ni mzuri, lakini siyo lazima. Kunja kanga mbili kuukuu, weka katikati ya magoti. Nyingine ikunje nyembamba uiingize chini ya tumbo, pale linapokutana na godoro. Ya tatu, au mto wa sufi, iegemeze mgongoni ili ukipitiwa na usingizi usirudi chali. Mgongoni ndiko watu wanakosahau, na ndiko kwenye kazi kubwa. Sisi tukiwa na ng'ombe mgonjwa aliyelala ubavu kabisa tunamwinua na kumwegemeza kwa magunia ya majani, maana akibaki vile muda mrefu tumbo linajaa gesi. (Msinishike shati, siwafananishi na ng'ombe. Nasema tu kwamba kumwegemeza mtu tunakujua.)

Joto nalo. Miezi ya kaskazi Tanga yetu tunaijua, chumba kinakuwa tanuri na mama anateremka sakafuni kutafuta ubaridi. Sakafuni si dhambi, mradi kuna kigodoro na anaamka kama nilivyoeleza. Tatizo ni kwamba akiteremka anakiacha chandarua kitandani. Malaria kwa mjamzito inamaliza damu ya mama na inampunguza mtoto uzito. Chandarua cha kliniki hakikutolewa kifungwe kwenye mpini wa mlango. Kama unalala sebuleni kwenye upepo, kigongomelee misumari huko huko sebuleni, ukichomekee chini ya mkeka.

Na kwa nyumba zenye mavuno, hapa nazungumza kama afisa ugani kamili. Wengi wenu mnahifadhi magunia chumbani kwa kuogopa wezi. Mahindi yaliyochanganywa na dawa, chupa za viuatilifu, mbegu zilizopakwa rangi, vyote viko chini ya kitanda cha mjamzito. Viondoe. Hasa vile vidonge vya kufukizia nafaka, ambavyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua panya, inaua wadudu na inaua watu usingizini. Mkao wowote wa kulala hautamsaidia mama kwenye chumba chenye vidonge vile.

Narudi kwa baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Mkeo anayekata majani, anayebeba maji na kuuza maziwa asubuhi hayumo kwenye sheria hiyo. Mwajiri wake ni wewe. Ng'ombe unampa siku 60 bila kubishana na mtu, kwa sababu nilikuambia usipompa maziwa yatapungua. Hapo ndipo ninapokasirika, na nakasirika na sisi wataalamu pia. Tumefundisha mapumziko ya ng'ombe kwa semina na vipeperushi, na tuliokuwa tunawaandalia chai kwenye semina hizo ni wanawake wenye matumbo makubwa. Mimi mwenyewe nimeinywa hiyo chai.

Kwa hiyo shemeji, mtoto mkubwa hama naye chini wewe. Kitanda chote kiwe cha mama kwa miezi hii miwili mitatu. Usiku akiamka kubanwa misuli ya mguu, unyooshe mguu wake, vidole uvielekeze kwake, ukande mpaka ilegee. Akianza kukoroma sana kuliko zamani, huku uso na mikono vimevimba, kichwa kinauma au anaona maluweluwe, usimcheke. Mpeleke akapimwe presha siku hiyo hiyo.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mama anayelala vizuri huja kuzijua saa za mwanae, anapocheza na anapotulia. Ukiona amepunguza kucheza au ametulia kuliko kawaida yake, lala ubavu, tulia, msikilizie. Asiporudi kwenye mchezo wake, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe saa nane za usiku. Jirani yangu mmoja, miaka ya nyuma, aliambiwa na watu wazima nyumbani, "Mtoto naye analala, subiri kukuche." Akasubiri kukakucha. Sitaeleza zaidi, wenyewe wapo na wanasoma.

Juzi nimepita tena kwa yule mfugaji. Godoro limepinduliwa, baba na mtoto wanalala chini kwenye kigodoro ndani ya chandarua cha pili. Mama aliniambia usiku uliopita aliamka mara mbili tu, zote kwenda msalani, na sasa analalia kulia zaidi kwa sababu kushoto ndiko ukutani na kuna joto. Mumewe analalamika kwamba sakafu inamuumiza kiuno. Nikamwambia maranda yapo.

Ng'ombe tulimkausha Jumanne. Wiki ijayo tunarudi kwenye kupe.