Ngumi ni za bondia, hesabu ni za nani?

Usiku wa Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, Uingereza, Hassan Mwakinyo wa Tanga alihitaji raundi mbili tu kumaliza kazi dhidi ya Sam Eggington. Eggington alikuwa mwenyeji na bingwa wa zamani wa Ulaya. Pambano lao lilikuwa la utangulizi, kwani watu walikata tiketi kumwona Amir Khan. Katika biashara ya ngumi, mgeni anayeitwa usiku wa namna ile huwa na kazi moja: avumilie raundi kadhaa, ampe mwenyeji ushindi wa kuongeza kwenye rekodi, kisha apande ndege arudi kwao. Mwakinyo alivuruga mpango huo.

Tangu hapo vijana wengi wa ukanda wetu wamekuwa wakiisubiri Birmingham yao. Simu ikilia kutoka nje, jibu ni ndiyo. Wachache huuliza maswali ambayo mfanyabiashara wa Namanga au Busia angeuliza kabla hajapakia gunia la kwanza: mnunuzi ni nani, bei imepangwaje, kodi inakatwa wapi, na mzigo ukikataliwa hasara inabebwa na nani?

Tuanze na watu wawili ambao majina yao huchanganywa. Promota ndiye mwenye shughuli. Anakodi ukumbi, anauza tiketi na haki za televisheni, anatafuta wadhamini, na anawalipa mabondia. Faida yake ni kile kinachobaki baada ya wote kulipwa, kwa hiyo kila shilingi anayoongezewa bondia inatoka mfukoni mwake. Meneja yuko upande wa pili wa meza. Analipwa asilimia ya malipo ya bondia, hivyo bondia akipata zaidi, naye anapata zaidi. Mmoja ni mnunuzi, mwingine ni mwakilishi wa muuzaji, na mvutano wao ndio unaopandisha bei.

Mvutano huo unakufa pale kofia zote mbili zinapovaliwa na mtu mmoja. Unakufa pia, kwa ukimya zaidi, pale meneja anapokuwa na vijana wengine watano wanaomtegemea promota yuleyule awape mapambano. Atambana vipi leo kwa ajili ya mmoja, wakati kesho anarudi kuomba nafasi ya wengine? Waliowahi kuuza ng'ombe mnadani wanamfahamu dalali wa aina hii. Anamnong'oneza muuzaji kwamba bei imeshuka tangu asubuhi, kisha anazunguka nyuma ya lori kuchukua chake kwa mnunuzi.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Julai 1986. Tim Witherspoon, Mmarekani, alikwenda Wembley, London, kutetea mkanda wa WBA wa uzito wa juu dhidi ya Frank Bruno. Promota wake alikuwa Don King. Meneja wake alikuwa Carl King, kijana aliyelelewa na Don King huyo huyo. Witherspoon alishinda. Bruno, aliyepigwa, aliondoka na takriban dola 900,000. Bingwa, baada ya makato ya kila aina, alibaki na dola 90,000 hivi. Aliishitaki familia hiyo na kesi ikaishia kwa makubaliano nje ya mahakama. Miaka 12 baada ya pambano lile, mwaka 1998, Mike Tyson naye alimdai King dola milioni 100 mahakamani, na mwaka 2004 wakamalizana kwa dola milioni 14.

Kesi na malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyolisukuma Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali, iliyosainiwa Mei 2000. Sheria hiyo inamkataza promota kuwa na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia, na meneja vivyo hivyo katika upromota. Inamtaka promota amwonyeshe bondia kiasi atakachoingiza kutokana na pambano na makato yote atakayomkata. Pia inadhibiti ule mtego wa kumwambia bondia: nitakupa nafasi ya kupigania mkanda, lakini ukishinda unakuwa wangu. Mkataba wa kulazimishwa namna hiyo hauwezi kuvuka miezi 12.

Ni sheria nzuri yenye tundu kubwa. Marufuku ya kuvaa kofia mbili inahusu mapambano ya raundi 10 na kuendelea. Kijana wa raundi nne au sita, ambaye ndiye mwenye njaa na asiye na mwanasheria, yuko nje ya ukuta huo. Uingereza kwa miaka mingi imewaachia watu wazito wa ngumi kuwa mameneja na mapromota kwa pamoja, mradi wana leseni. John Mugabi wa Uganda, aliyempa Marvin Hagler usiku mgumu Las Vegas Machi 1986, alikuwa chini ya Mickey Duff wa London, mtu wa kofia mbili kwelikweli.

Sasa tushike kalamu. Tuchukue mfano wa kubuni wa bondia kutoka Arusha, Kisumu au Bujumbura anayepewa dola 10,000 kwenda kupigania mkanda Marekani. Kwa kawaida mwanamichezo mgeni hukatwa asilimia 30 ya malipo ghafi kama kodi, na Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kulainisha hilo. Zimeondoka 3,000. Meneja anaweza kuchukua hadi theluthi moja, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika jimbo la Nevada, na mara nyingi hesabu yake hupigwa kwenye malipo ghafi, kabla ya kodi. Zimeondoka nyingine 3,333. Kocha kwa mazoea ni asilimia 10, yaani 1,000. Shirikisho linalomiliki mkanda hutoza takriban asilimia tatu, yaani 300. Bondia amebaki na dola 2,367, na hapo hatujagusa kambi ya mazoezi, chakula cha wiki nane, vipimo vya daktari, wala deni alilokopa kwa meneja mwenyewe wakati anajiandaa. Sehemu ya ile kodi inaweza kurudishwa akiwasilisha ritani Marekani baadaye. Nani atamjazia?

Kwa makato ya Uingereza hali ni nafuu kidogo, kwa kuwa bodi ya ngumi ya huko inamwekea meneja ukomo wa asilimia 25. Hata ndani ya Jumuiya yetu kodi ipo: Kenya humkata mwanamichezo asiye mkaazi asilimia 20, Uganda 15. Bondia anayevuka mpaka kupigana kwa jirani bila kuuliza kama kiasi alichotajiwa ni kabla au baada ya kodi anafanya kosa ambalo muuza vitenge hawezi kulifanya mara mbili.

Hapo tumezungumzia malipo ya usiku mmoja tu. Kinachoumiza zaidi ni jinsi mikono hiyohiyo inavyopanga safari nzima ya bondia. Mwakinyo alirudi Uingereza Septemba 2022 kupigana na Liam Smith mjini Liverpool, na pambano likasimamishwa raundi ya nne. Baadaye alilalamikia mkanganyiko wa safari na kusema hata viatu alivyopanda navyo ulingoni vilimbana. Wengi walimcheka. Mimi naona ni swali la haki kabisa: kazi ya kuhakikisha bondia wa kiwango kile anafika na vifaa vyake, na kwamba akikwama yupo mtu wa kusema pambano halianzi, ni ya nani kama si ya meneja?

Mwaka uliofuata, Septemba 2023, alikataa kupanda ulingoni jijini Dar es Salaam akidai makubaliano na waandaaji yamekiukwa. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, ilimfungia mwaka mmoja. Januari 2024 alikuwa ulingoni Zanzibar. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki kwa sababu mkataba wenyewe haukuwekwa mezani kwa umma, na hilo ndilo tatizo. Mashabiki waliokata tiketi waliachwa wachague kati ya maneno ya bondia na maneno ya waandaaji, kama watu wanaogombania mzigo usio na ankara.

Kwa Kenya, tazama njia ya Fatuma Zarika. Alichukua mkanda wa WBC wa uzani wa super-bantam kwa kumshinda Alicia Ashley huko Michigan Oktoba 2016, kisha akautetea nyumbani Nairobi, jambo lililokuwa geni kwa bondia mwanamke wa ukanda huu. Fedha za mapambano yale zilitegemea mno kampuni ya kubashiri, SportPesa. Katikati ya 2019 kampuni hiyo ilipoteza leseni Kenya na kusitisha udhamini wa michezo. Novemba mwaka huo Zarika alikuwa Mexico, ugenini, na mkanda ukabaki huko. Bingwa asiye na promota mwenye uwezo wa kuwaleta wapinzani nyumbani huishia kuwafuata, na ugenini majaji, ukumbi na bei ni vya mwenyeji.

Hapa lazima niwatendee haki mapromota wetu. Kuandaa usiku wa ngumi Dar es Salaam, Kampala au Nairobi ni biashara ya hatari. Mapato ya mlangoni hayatabiriki, mgeni anahitaji tiketi ya ndege na hoteli, daktari na gari la wagonjwa ni lazima, na mdhamini anaweza kujitoa siku tatu kabla. Kuingia kwa televisheni kama Azam kumebadilisha mambo kiasi, kwa kuwa sasa kuna fedha isiyotegemea mvua ya jioni ile. Lakini hata mchezo wenyewe ulijengwa juu ya ahadi. Mwaka 1974 Don King aliwasainisha Ali na George Foreman kwa dola milioni tano kila mmoja wakati yeye mwenyewe hakuwa na fedha hizo. Baada ya saini ndipo alipokwenda kutafuta mlipaji, akampata Mobutu, na pambano likafanyika Kinshasa Oktoba 30. Lilifanikiwa kwa sababu serikali ya Zaire ilikubali kubeba mzigo. Promota wa kawaida wa Mwanza au Mbarara hana Mobutu, kwa hiyo ahadi yake ikipasuka anayebaki hajalipwa ni bondia.

Wapo waliojinasua. Floyd Mayweather mwaka 2006 alilipa dola 750,000 kununua uhuru wake kutoka kampuni ya Top Rank. Kuanzia hapo promota akawa mtu wa kuajiriwa kumfanyia kazi, na kile kinachobaki kikawa cha Mayweather. Alipopigana na Manny Pacquiao mwaka 2015 alivuna zaidi ya dola milioni 200. Hakuna bondia wa Afrika Mashariki mwenye jina la ukubwa huo, na sidhani njia ile inaigika. Lakini inaonyesha fedha hukaa upande gani wa mkataba.

Kinachoigika ni kidogo na hakina gharama kubwa. Marekani kamisheni za majimbo humdai promota dhamana ya fedha kabla hajapewa kibali, ili shughuli ikivunjika mabondia walipwe. TPBRC, kamisheni ya Kenya na ile ya Uganda zinaweza kudai malipo ya mabondia wote yawe benki kabla ya siku ya kupima uzito. Zinaweza kudai nakala ya mkataba kwa Kiswahili, yenye mstari unaosema wazi kiasi ghafi, kila kato, na jina la anayelipa kodi. Zinaweza kuacha kumpa mtu mmoja leseni mbili. Kwa mapambano ya mikanda upo tayari mfano wa uwazi: kambi mbili zisipokubaliana, mashirikisho huitisha mnada, mapromota huleta zabuni katika bahasha zilizofungwa, na kiasi kilichoshinda hugawanywa kwa asilimia zinazojulikana. Kila mtu anaiona bei.

Ugumu ni mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na mfanyabiashara mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000 anavuka na cheti cha uasili kilichorahisishwa anachokipata palepale mpakani. Bondia hana karatasi ya namna hiyo. Kamisheni ya upande mmoja hailazimiki kutambua mkataba uliosajiliwa upande wa pili, wala kifungo, wala deni la promota. Promota aliyemkimbia bondia Kampala anaweza kuomba kibali kwingine, na bondia aliyechukua kianzio cha watu wawili kwa tarehe moja naye anaweza kufanya hivyo hivyo. Kamisheni tatu zenye daftari moja la mikataba na adhabu zingefunga mianya yote miwili, na kazi hiyo haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Makatibu watatu wanatosha, wenye barua pepe na nia.