Mapenzi Si Likizo ya Mtunzi

Mwimbaji wa rege alegezapo mdundo akaimba mahaba kwa sauti nyororo, wahakiki wetu huwa wepesi kumwandikia tanzia: amelisaliti tabaka lake, amelifuata soko. Hukumu hiyo imejengwa juu ya dhana isiyothibitishwa, kwamba mapenzi ni maudhui mepesi na siasa ni maudhui mazito. Dhana hii ni potovu, na ushahidi wa kuipinga uko Murang'a, kwa mtunzi ambaye hata hakuwa wa rege.

Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki 2018, husifiwa zaidi kwa tungo zake za kisiasa, hasa ombolezo la J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975. Lakini tuutazame 'Ndari ya Mwarimu', wimbo wake wa Kikuyu wa miaka ya 1960. Kwa jina la utanzu, ni wimbo wa mapenzi. Ukichambuliwa, mpenzi ni mwalimu na mpendwa ni mwanafunzi wake: mmoja hutoa alama na adhabu, mwingine huzipokea. Walimu waliukasirikia, nao waliuelewa kuliko wahakiki. Dhuluma ya mamlaka ambayo ombolezo la 1975 liliilaani katika dola, wimbo huu ulikuwa umekwisha kuifichua darasani.

Wapo watakaonijibu kwa kutaja mwaka 1993, Kamaru alipoziacha nyimbo za kidunia akageukia Injili. Nakubali kwamba palikuwa na hasara. Mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, sauti iliyozoea kuwasuta wakubwa ilihamia madhabahuni. Hata hivyo, jina la utanzu pekee si ushahidi. Amlaumuye sharti aonyeshe, wimbo kwa wimbo, ni nani anayesemeshwa na ni nani aliyeachwa bila kutajwa.

Kipimo hicho hicho kitumike kwa kijana wa rege wa leo. Akiimba mahaba yasiyo na mahali, ya watu wasio na kazi wala kodi ya nyumba, na alaumiwe. Lakini akiimba mapenzi ya mchuma chai na karani anayepima majani yake, hajalikimbia tabaka lake. Amelifuata mpaka kwenye siri zake. Wahakiki, tuzisome tungo kabla ya kuzihukumu.