Swali kabla ya jibu

Kujifunza kwa udadisi ni njia ya kufundisha ambamo swali la mtoto hutangulia jibu la mwalimu. Si jambo geni: Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, aliihesabu akili ya kudadisi kuwa shabaha ya shule. Kwa shule ya msingi ya mwambao, kama ya Lupingu wilayani Ludewa, Tanzania, maabara iko nje ya mlango: Ziwa Nyasa, lenye kina cha takriban mita 700. Swali laweza kuwa dogo. Je, usipa, dagaa wa ziwa hilo, hukauka upesi zaidi kwenye chanja au mchangani? Wanafunzi hubashiri, hugawa fungu moja sehemu mbili, hupima uzito asubuhi na jioni, huandika tarakimu, kisha hubishana kuhusu jua, upepo na unyevu. Mwalimu hakai pembeni; huuliza “umejuaje?” na kurudisha kipimo kilichokosewa kipimwe upya. Njia hii hula muda, na darasa lililojaa huifanya iwe ngumu, hasa mtihani wa darasa la saba unapokaribia. Lakini haidai vifaa vya gharama. Walimu wa mwambao waanze na mizani moja na daftari.