Selimundu si Laana ya Mama

Wapo waume ambao, mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa na macho yake yakigeuka manjano, humlaumu mke kwamba ameleta ugonjwa kutoka kwao. Sisi twasema lawama hiyo ni uongo, tena ni dhuluma. Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na mtoto haupati mpaka arithi kinasaba chenye kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima. Hulima tumbaku yake hapa Usoke, au hufanya kazi ya reli, bila kujua lolote. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuzaa mgonjwa.

Wala hii si laana. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kinasaba kimoja humkinga mtu na malaria. Ndiyo maana kimeenea katika nchi zetu zenye mbu. Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi kabisa wa selimundu duniani. Muhimbili wameufanyia utafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi, na dawa ya haidroksiurea, ipunguzayo maumivu, ipo.

Lakini elimu iliyokaa Dar es Salaam yamfaa nini mzazi wa Usoke? Twataka kila mtoto apimwe damu azaliwapo, katika zahanati ya kwao. Na wachumba nao wapimwe, mwanamume akitangulia kunyosha mkono.