Wa mwisho naye anapigiwa kengele

 

Wiki hii nataka tuzungumze baiskeli. Najua kuna walioshaguna. Kijana wa mjini na baiskeli wapi na wapi! Kwenu baiskeli ni ya muuza samaki, ya mzee wa mkaa na ya yule bwana wa mayai ya kuchemsha. Mshikaji akipita nayo kijiweni mara moja tu, mwezi mzima jina lake ni "Phoenix".

Sasa kaeni vizuri. Mimi niliye huku mtoni, Portland, jimbo la Oregon, Marekani, nabeba boksi ghalani usiku Jumatatu hadi Ijumaa. Halafu Jumapili natoa hela yangu mwenyewe, nalipa ada, naingia na baiskeli kwenye matope. Mvua juu, baridi kwenye mifupa. Na sijawahi kushinda hata kikombe cha plastiki.

Swahiba wangu mmoja wa Tabata nilipomweleza kwenye simu, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Yaani kaka, umekwenda Marekani kuendesha baiskeli?"

Ndiyo, kaka. Sikiliza kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi. Ulianzia Ufaransa, na Wafaransa walifanya mashindano yao ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Mwaka 1910 Octave Lapize alishinda Tour de France, akasema mazoezi ya huku porini yalimsaidia. Hapo watu wakaanza kuuheshimu. Ubingwa wa dunia ulianza Paris mwaka 1950. Siku hizi wenye mchezo ni Wabelgiji na Waholanzi. Mwaka 2025 Mholanzi Mathieu van der Poel alitwaa taji lake la saba la dunia, akamfikia Mbelgiji Erik De Vlaeminck.

Hao ni wazee wa kazi. Sisi wengine ni ligi ya mchangani. Hapa Oregon kuna mfululizo wa mbio uitwao Cross Crusade ulioanza 1993. Kwa miaka mingi pazia lilifunguliwa Alpenrose, palipokuwa na kampuni ya maziwa. Umekuwepo ukumbi wa kila mtu: watoto, akina mama, wazee, hadi daraja la wenye uzito unaozidi ratili 200. Hao wanaitwa Clydesdale, jina la farasi wale wakubwa wa kukokota mizigo. Wala hawanuni!

Njia ni ya kuzunguka, kama kilomita tatu hivi. Ina nyasi, tope, mchanga, na kilima ambacho hata mbuzi angeuliza mara mbili. Halafu kuna mbao mbili zimesimamishwa njiani, kimo chake kinafika sentimeta 40. Ukifika hapo unaruka chini huku baiskeli inatembea, unainyanyua, unavuka mbio, unairukia tena. Wanaume wenzangu, kwenye kuirukia siti tuwe waangalifu. Zaidi ya hapo tuwaachie madaktari.

Tairi nazo zina mambo yake. Fundi wa kwetu huijaza upepo mpaka iwe jiwe, maana itabeba gunia. Huku unatia chini ya nusu ya upepo wa tairi la mbio za lami. Tairi ikilegea hujitandaza, ikashika tope. Ukiigonga kama ngoma ya kwetu, kona ya kwanza tu unalamba ardhi.

Basi bwana, kipenga kikilia, sisi wa daraja la wanaoanza tunaondoka kundi zima, viwiko vinagongana. Dakika mbili za kwanza kila mtu ni bingwa. Mzunguko wa pili ukianza, mapafu yanadai talaka. Ukifika wa tatu, unasikia "kushoto kwako!", unapisha, kumbe ni anayeongoza, amekuzunguka. Nyuma yake anakuja mzee amevaa nguo ya ndizi. Usicheke. Kule Astoria, mji ulio kwenye mdomo wa mto Columbia, mbio za wikiendi ya Halloween zimejulikana kwa vituko hivyo. Ndizi imenipita kilimani, na ikanisalimia.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kwenye mbio za mabingwa, ukiachwa sana unatolewa njiani. Muda wako ukizidi wa mbele kwa asilimia 80 ya mzunguko wake wa kwanza, kwaheri. Mchangani kwetu hakuna hiyo. Wa kwanza akivuka mstari, kila mmoja anamalizia mzunguko aliomo, basi. Yeye kazunguka mara sita, mimi mara nne, lakini tumetoka jasho dakika zile zile.

Na watazamaji hawaondoki. Wamesimama kwenye mvua wanagonga kengele za ng'ombe! Mimi mtoto wa Kwimba, kengele hiyo niliijua kabla ya a-e-i-o-u. Kwetu ilikuwa ya kujua ng'ombe kapotelea wapi. Huku Wazungu wanamgongea binadamu, na wa mwisho wanamgongea zaidi ya wa kwanza. Mmoja ananyoosha noti ya dola uidake ukipita, mwingine kikombe cha bia. Wanasoma namba mgongoni wanaiita kwa sauti.

Nami ghalani nina namba vilevile. Ikitajwa kwenye kipaza sauti ujue kuna kimeo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikaa miezi bila mtu kunitamkia jina langu, isipokuwa mama kwenye simu. Kazi, basi, chumba, usingizi. Unaweza kuugua siku tatu na asiyejua ni dunia nzima.

Leo hali ni tofauti. Nina hasimu wangu, fundi wa malori mwenye miaka 58. Kila Jumapili tunagombea nafasi ya arobaini na kitu kama vile kuna gari la zawadi. Vuli iliyopita nilipewa zamu ya ziada, sikutokea uwanjani. Kufika saa moja jioni simu yangu ilishalia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa yeye. "Uko salama? Leo sikuwa na wa kumshinda."

Mwenzenu nilikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, nikashindwa kujibu haraka.

Mama naye aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenye mbio wanakulipa?" Nikamwambia, "Hapana mama, ninalipa mimi." Akawaza kidogo. "Haya. Basi ule vizuri kabla ya kwenda."

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu mlio Sinza, Buguruni na kwingineko: si kila mchezo wa kuchezwa uwe wa kushinda, wala si kila starehe iwe ya kukaa na chupa mezani. Tafuta jambo usiloliweza sana, ulifanye mbele za watu, tena kila wiki. Mpira wa ufukweni, ngoma, kwaya, hata hiyo Phoenix ya babu. Watakaocheka watacheka wiki ya kwanza na ya pili. Ya tatu watauliza unaanza saa ngapi. Siku usipoonekana, watakutafuta.

Kwa leo naishia hapa, nina mnyororo wa kuosha na paja linadai haki yake. Tukijaliwa, wiki ijayo.