Sio kurogwa, ni presha!

UE inabisha hodi na kila mtu yupo kwenye msuli, ila nina dukuduku naomba nilitoe kabla sijarudi kwenye desa.

Kwetu Bariadi, mtoto anayeongoza darasani akiingia kwenye mtihani wa fom foo akapigwa na bumbuwazi, maneno huwa mawili tu: amerogwa, au hakuwa na akili toka mwanzo. Hata hapa chuo nayasikia hayo hayo. Jamani! Mtu kasoma, kaelewa, jana yake kawafundisha wenzake, leo kakaa mbele ya karatasi hakumbuki kitu. Anatoka nje, dakika 10 tu majibu yote yanarudi. Mchawi gani huyo anayefunga kazi kengele ikilia?

Mchawi yupo kichwani. Ukiogopa, kisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, kinaitwa amigdala, kinapiga king'ora. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, halafu kotisoli. Zikiwa kiasi zinakuamsha, sio mbaya. Zikizidi zinakwamisha sehemu mbili: hipokampasi, inayoweka na kutafuta kumbukumbu, na ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, unaopanga mawazo. Yaani ghala limejaa mahindi, ila mwenye funguo kakimbia. Ndo maana hofu ya siku ile huisahau maisha, lakini ulichosoma kinagoma kutoka.

Ikikaa muda mrefu ni balaa zaidi. Mwaka 1989 watafiti, akiwemo Robert Sapolsky, waliandika juu ya tumbili waliokamatwa porini na kutunzwa kwenye kituo cha utafiti nchini Kenya. Baadhi ya waliokufa huko walikutwa na vidonda vya tumbo, dalili ya kuishi kwenye shinikizo muda mrefu, na seli za hipokampasi zao zimeharibika. Sisemi mwanafunzi atafika huko, ila mitambo yetu inafanana.

Sasa chukua binti wa Itilima au Meatu. Mvua imegoma, pamba haijalipa, mzee ameanza kupiga hesabu za ng'ombe wa mahari. Shuleni ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini nilikosoma mimi hakuna aliyekuwa anahesabu. Usiku wa kuamkia pepa anaambiwa "ukifeli usirudi hapa." Mzazi anadhani anamtia moyo, kumbe anawasha king'ora.

Najua kuna watakaosema mbona sisi tulichapwa na tumefika chuo. Sawa, sisi tumefika. Wale walioishia njiani nani kawauliza?

Enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, Simiyu tulijulikana kwa makambi ya kitaaluma. Mimi nayaunga mkono kwa sababu moja: ukifanya majaribio mengi unazoea, na kitu ulichozoea hakikutishi sana. Tena mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha kwamba waliojifunza kwa kujipima, yaani kufunika daftari na kujaribu kukumbuka, kumbukumbu zao zilihimili presha kuliko waliorudia kusoma tu. Kwa hiyo makambi yawepo, ila fimbo na vitisho vibaki getini. Ukimchapa mtoto kwa kukosa jaribio, unamfundisha kuliogopa lile lile ulilotaka alizoee.

Na sisi wa hapa chuo tujisaidie. Acheni kukesha hadi asubuhi ya pepa, maana ubongo unapanga uliyosoma ukiwa umelala. Ukikwama chumbani, weka kalamu chini, shusha pumzi taratibu, anza na swali unaloliweza. Na mwenzako akitoka analia, usimwambie hana akili. Mwambie mwenye funguo alikimbia, atarudi.

Mwenye la kuongeza atie neno. Msuli mwema!