Mtunzi atukana wasomaji, kumbe hadithi yenyewe haina mtu!

Kuna mtunzi mmoja wa mjini, yule anayeuza hadithi zake kipande kipande kwenye magrupu ya WhatsApp, juzi kawajia juu wasomaji wake. Kisa? Hadithi imefika sehemu ya 64 na dalili ya kuisha hakuna. Dada mmoja akauliza kwa upole tu, "Kaka, mwisho lini?" Akatolewa kwenye grupu, hela yake ikaenda hivyo hivyo. Halafu jamaa akamalizia na ule wimbo wa siku zote: eti Watanzania hawapendi kusoma.

Hawapendi kusoma nini? Mbona Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walisomwa mpaka majalada yakachanika?

Tatizo jamaa anadhani hadithi inanoga kwa bastola na kitanda. Kila sehemu lazima mtu afumaniwe au apigwe risasi, kisha "itaendelea". Binti wa hadithi yake alikufa sehemu ya 12, kufika ya 31 kumbe aliyekufa alikuwa pacha wake! Sasa nani atamlilia tena? Msomaji akishajua kifo ni cha uongo, hofu yote kwisha.

Hebu mchukueni Rosa wa Kezilahabi, kwenye Rosa Mistika ya mwaka 1971. Hakuna jambazi mle. Kuna baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Basi! Lakini ukishakiona kile kipigo, kila anakokwenda Rosa baadaye unajua kunatokea wapi, unatamani umshike mkono na huwezi. Hapo ndipo usingizi unapokatika, siyo kwenye "itaendelea". Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na mpaka leo kinasomwa. Au Yasmini wa Adam Shafi kwenye Vuta N'kuvute, kaozwa mwanaume mtu mzima asiyempenda: unafungua ukurasa mwingine kujua kama atachomoka.

Wapambe wa mtunzi wanajitetea kuwa zama zimebadilika, watu wanataka vya harakaharaka. Haya, cha haraka gani chenye sehemu 64? Yule dada alikuwa na subira kuliko wengi, kalipia miezi yote hiyo kumfuata binti ambaye hata mtunzi mwenyewe hajui anataka nini maishani. Arudishiwe hela yake.